Mashati Meupe kwenye Milima ya Mawe: Uhasama Wanaokutana Nao Wamisionari wa Kimormoni Mwanza

Ukipita Mabatini, Igogo au Nyakato siku za kazi, unaweza kupishana nao. Ni vijana wawili wenye mashati meupe, kibandiko cheusi cha jina kifuani na begi mgongoni, wakitembea kwa miguu kwenye jua la saa nane. Kijiweni mtu atapaza sauti: "Freemason hao!" Wengine watacheka. Geti moja litafungwa kabla hawajapiga hodi, na nyumba inayofuata watatolewa viti. Mara mojamoja mtoto aliyesikia maneno ya wakubwa ataokota kijiwe.

Hayo tuyaiteje? Waumini wa kanisa lao wana jina tayari: mateso. Majirani wengi hujibu kwamba hakuna aliyeteswa, watu wamekataa dini tu, na kukataa ni haki yao. Naona pande zote mbili zinabishana juu ya mtu asiye mhusika mkuu. Kijana wa kibandiko anapita na kuondoka. Anayebaki na gharama ni mtu wa Mwanza aliyemfungulia mlango, akasikiliza, akakubali. Lakini kabla ya kumfikia huyo kuna mambo kadhaa yaliyofungamana ambayo lazima yafumuliwe.

Jina lao rasmi ni Kanisa la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho. Lilianzishwa na Joseph Smith tarehe 6 Aprili 1830 katika jimbo la New York, mwaka uleule kilipochapishwa Kitabu cha Mormoni, ambacho waumini wanakiweka pamoja na Biblia kama maandiko matakatifu. Makao makuu yako Salt Lake City, Utah, na waumini duniani wanazidi milioni 17. Tangu 2018 viongozi wao wanasisitiza jina kamili litumike. Mtaani watu wanasema Wamormoni, na hapa nitalitumia jina hilo bila nia ya kumkera mtu. Serikali ya Tanzania ililitambua kanisa hilo mwaka 1992. Kwa miaka mingi kazi yao hapa iliongozwa kutoka Nairobi, hadi misheni ya Dar es Salaam ilipoanzishwa mwaka 2020.

Wamisionari wao ni zaidi ya 70,000 duniani kote. Wavulana hutumikia miaka miwili, wasichana miezi 18. Mwaka 2012 umri wa kuanza ulishushwa, na tangu hapo mvulana anaweza kwenda akiwa na miaka 18. Hawalipwi mshahara, wao na familia zao ndio wanaochangia gharama, na wanaotoka familia zisizo na uwezo husaidiwa. Hawachagui pa kwenda. Wala si wote Wamarekani: wapo vijana wa Kiafrika wanaotumwa nchi nyingine za Afrika, na huyo unayemwita mzungu wa Freemason mwenzake huenda kazaliwa Lubumbashi au Kampala.

Kijana aliyelelewa katika kanisa hilo hukua na habari za kufukuzwa. Tarehe 27 Oktoba 1838 gavana wa Missouri, Lilburn Boggs, alitoa amri kwamba Wamormoni waangamizwe au waondolewe jimboni. Siku tatu baadaye watu 17 waliuawa mahali paitwapo Haun's Mill. Amri ile haikufutwa rasmi hadi 1976. Joseph Smith na kaka yake Hyrum waliuawa na kundi la watu wenye silaha wakiwa mahabusu Carthage, Illinois, tarehe 27 Juni 1844, na waumini wakahamia magharibi hadi bonde la Salt Lake, walikofika 1847. Wamisionari nao waliuawa huko kwao: Joseph Standing jimboni Georgia mwaka 1879, na wawili pale Cane Creek, Tennessee, mwaka 1884. Haki inataka isemwe pia kwamba Septemba 1857 wanamgambo wa Kimormoni waliua wasafiri wapatao 120 pale Mountain Meadows, Utah. Waliotendewa ukatili walitenda ukatili. Hata hivyo historia hii inaeleza kwa nini kijiwe kimoja kilichorushwa Igogo huandikwa nyumbani kama sehemu ya simulizi ndefu. Mvulana wa miaka 19 hasomi pale utani wa kijiweni. Anawasoma mababu zake.

Na ukubwa wa jambo lazima upimwe. Mei 1989 wamisionari wawili walipigwa risasi na kuuawa La Paz, Bolivia. Juni mwaka huohuo serikali ya Ghana ilizifunga shughuli zote za kanisa hilo, wamisionari wa kigeni wakaondolewa, na marufuku ikadumu hadi Novemba 1990. Urusi ilipitisha mwaka 2016 sheria inayobana mahubiri nje ya majengo ya ibada. Ya Mwanza ni madogo ukiyaweka kando ya hayo. Madogo nayo yana chanzo.

Uvumi wa Freemason

Neno hili limeenea Tanzania kwa nguvu ya ajabu katika miaka 15 iliyopita. Anayetajirika ghafla anaitwa hivyo, na msanii aliyefariki ghafla anasemwa alitolewa kafara. Freemason wenyewe, chama cha udugu chenye ibada na ishara zake za ndani, hawakuwa watu wa kujificha kabisa. Jengo lao liko katikati ya Dar es Salaam, na Sir Andy Chande, aliyefariki 2017, alikuwa kiongozi wao Afrika Mashariki na alizungumza hadharani na waandishi wa habari. Lakini mtaani neno lilishaachana nao zamani. Linamaanisha mtu mwenye mali isiyoelezeka na siri isiyosemwa.

Sasa wachukue Wamormoni. Wageni nadhifu, Kiingereza cha Marekani, majengo mazuri yenye uzio na nyasi zilizokatwa, na huduma fulani zinazofanyika hekaluni tu, ambako asiye muumini haingii. Hilo la mwisho ni kweli. Hekalu si sawa na kanisa la mtaani. Kanisani kwao Jumapili anaingia yeyote. Hekaluni wanaingia waumini waliopewa kibali, na mengi ya ndani hawayasimulii. Kwa waumini wa ukanda huu hekalu la karibu sasa ni la Nairobi, lililowekwa wakfu Mei 2025 baada ya kufunguliwa kwanza kwa wananchi wote kulitembelea. Kabla ya hapo wengi walitakiwa kwenda Johannesburg.

Kuna jambo jingine ambalo waumini wengine hawapendi kulitaja na wapinzani hulikuza kupita kiasi. Joseph Smith alijiunga na Freemason mjini Nauvoo mwezi Machi 1842, na Mei mwaka huo akaanzisha ibada ya hekaluni ambayo baadhi ya ishara zake zinafanana na zao. Wanahistoria wa kanisa lenyewe wanakubali kufanana huko. Kutoka hapo kwenda kusema kwamba kijana wa Nyakato mwenye begi anatafuta damu ya watoto ni kuruka mto mpana bila daraja.

Na huko ndiko uvumi unakoelekea. Afrika Mashariki ina hofu ya mumiani tangu enzi za ukoloni: mgeni anayekuja na vifaa visivyojulikana kunyonya damu. Hofu hiyo haijafa. Oktoba 2016, katika wilaya ya Chamwino mkoani Dodoma, watafiti wa kilimo waliokuja kuchukua sampuli za udongo waliuawa pamoja na dereva wao, kwa sababu wanakijiji waliambiwa ni wanyonya damu. Kanda ya Ziwa imezika vikongwe wengi waliouawa kwa tuhuma za uchawi kwa sababu tu ya macho mekundu. Kwa hiyo anayepaza sauti ya "Freemason" kwa kujifurahisha pale kijiweni anachezea moto ambao umewahi kuunguza. Sitalipunguza hilo kwa sababu eti ni utani wa vijana.

Uvumi wa pili ni kwamba "wanabatiza maiti". Ukweli ni kwamba muumini aliye hai huzamishwa majini hekaluni kwa niaba ya ndugu aliyefariki, jina lake likitajwa. Hakuna kaburi linaloguswa. Mtu anaweza kulipinga fundisho hilo kwa hoja za Biblia, na wengi wanalipinga, lakini alipinge kama lilivyo.

Na wa tatu, wake wengi. Kanisa hilo liliruhusu ndoa za mitala hadharani kuanzia 1852 na kuziacha kwa tangazo la 1890. Leo anayeoa mke wa pili anafukuzwa uanachama. Usukumani, ambako sheria ya ndoa ya 1971 inaitambua ndoa ya mitala na mzee mwenye wake watatu anaheshimika, lawama hii ina sura ya kushangaza: mzee huyohuyo akitaka kubatizwa na Wamormoni, watamkatalia.

Kikombe cha chai

Mengi yanayoitwa uhasama huanza na adabu zilizogongana. Mgeni akifika Mwanza anakaribishwa kiti, halafu chai. Wamormoni hawanywi chai wala kahawa, kwa mafundisho yao ya 1833 yanayokataza pia pombe na tumbaku. Mama amechemsha, amemimina, amesogeza kikombe, na vijana wawili wanasema hapana. Kwa mwenyeji hiyo si habari ya afya. Amedharauliwa nyumbani kwake, au wanahofia amewawekea kitu, na hilo la pili ni tusi zito zaidi. Mmisionari aliyefundishwa vizuri huwahi kusema kabla jiko halijawashwa: mama, sisi dini yetu haituruhusu majani ya chai, lakini uji au maji tutashukuru. Asiyefundishwa huacha jeraha, kisha mwezi mmoja baadaye anashangaa kwa nini nyumba ile haimfungulii.

Lingine ni mlango. Kanuni zao zinawakataza wavulana kuingia nyumba ambamo yupo mwanamke peke yake. Kanuni nzuri, kwa maoni yangu, na ingefaa wahubiri wengine kadhaa waifuate. Ila mama anayesema "karibuni ndani" na kuona wageni wanabaki wamesimama kizingitini, majirani wote wakitazama, anajikuta ameaibishwa bila kosa. Maelezo mafupi yangemaliza jambo. Mara nyingi Kiswahili cha mgeni bado ni kichanga na maelezo hayatoki.

Vijijini kuna utaratibu mwingine. Sungusungu walizaliwa Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980 kupambana na wizi wa ng'ombe, na desturi ya kumhoji mgeni anayezunguka nyumba kwa nyumba imebaki. Ukiulizwa umetoka wapi, nani kakuruhusu, mwenyekiti wa kitongoji anakujua, hujateswa. Umeulizwa. Vivyo hivyo mjini: aliyepita kwanza ofisi ya serikali ya mtaa akajitambulisha huwa na mtu wa kumsemea siku maneno yakichacha.

Na fedha zipo ndani yake pia. Dini ya Wamarekani, basi watu wanatarajia ajira, ufadhili wa masomo, safari. Kijana anayeona miezi imepita bila chochote, tena anafundishwa kutoa zaka asilimia 10 ya kipato chake, anaweza kugeuka kuwa msemaji mkali kuliko wote. Hasira yake ina maumivu ya kweli hata kama hakuna aliyemwahidi kitu.

Pingamizi zenye haki

Mwanza ni mji wa dini. Hospitali ya Bugando imekaa juu ya mlima wake ikionekana toka mbali, Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino kiko Nyegezi, Kanisa la Africa Inland (AICT) lina mizizi Usukumani kwa zaidi ya karne, misikiti imejaa katikati ya mji, na makanisa ya kilokole yako kila kona. Padri au mchungaji anayewaonya waumini wake dhidi ya mafundisho ya Wamormoni anafanya kazi yake. Tofauti zenyewe si ndogo: Wamormoni hawaukubali Utatu kama unavyoungamwa katika Kanuni ya Imani, na mwaka 2001 Vatican ilitamka kwamba ubatizo wao si halali kwa Kanisa Katoliki. Wao nao humbatiza upya Mkatoliki anayejiunga. Katika hili hakuna upande uliomwonea mwenzake.

Nao wamisionari hawakuwa watu wa kutendewa tu. Mwaka 2008 zilisambaa picha za wamisionari wakifanya dhihaka ndani ya kanisa la Kikatoliki mjini San Luis, Colorado, na kanisa lao likaomba radhi. Nalitaja kwa sababu aliyeona picha kama zile akafunga geti lake hakufanya hivyo kwa uvumi.

Lakini swali zito kuliko yote kwa Mwafrika ni la mwaka 1978. Hadi Juni mwaka huo mwanamume mweusi hakuruhusiwa kupewa ukuhani katika kanisa hilo, na weusi, wake kwa waume, hawakushiriki ibada kuu za hekaluni. Marufuku hiyo ilidumu zaidi ya karne moja. Rais wa kanisa, Spencer W. Kimball, ndiye aliyetangaza mwisho wake, na mwaka 2013 kanisa lilichapisha maelezo yanayozikana nadharia za zamani kwamba ngozi nyeusi ni alama ya laana. Mwanafunzi anayeyasoma haya kwenye simu yake akiwa Malimbe na kumwuliza mmisionari kwa ukali, hamtesi mtu. Anauliza alichostahili kuelezwa kabla hajauliza. Kibaya ni kwamba anayejibu ni kijana wa miaka 20, mara nyingine mweusi mwenyewe, aliyezaliwa miaka mingi baada ya hapo, na mzigo ule hakuujenga yeye.

Nani huumia

Ufuko huu una kumbukumbu yake. Desemba 1877 Shergold Smith na O'Neill, wamisionari wa Kianglikana, waliuawa Ukerewe baada ya kujikuta katikati ya ugomvi wa Mtemi Lukonge na mfanyabiashara Songoro. Dini haikuwa kiini. Waliingia kwenye ugomvi wa wenyeji wasioujua kina chake. Oktoba 1885 Askofu Hannington aliuawa Busoga. Ila tazama kilichofuata Buganda. Kabaka Mwanga alipowageukia Wakristo, waliochomwa moto Namugongo tarehe 3 Juni 1886 walikuwa vijana wa ikulu, Waganda. Padri Lourdel aliyewafundisha Wakatoliki hakuuawa. Alexander Mackay, Mwanglikana, naye aliishi, akafa kwa homa mwaka 1890 Usambiro, kusini mwa ziwa, upande wetu.

Wala sifananishi Mwanza ya leo na Namugongo. Ninachoona ni mtindo uleule wa mzigo kumwangukia mwenyeji. Wamisionari wa Kimormoni huhamishwa kila baada ya miezi michache, maana uhamisho hupangwa kila wiki sita hivi. Aliyekufundisha mwezi Machi anaweza kuwa Arusha kufikia Juni. Mgeni ana kibali cha ukaazi cha daraja C na viongozi wa misheni wa kumtetea. Mtaa ukichafuka, anaondolewa siku hiyohiyo.

Aliyebatizwa haondolewi. Baba yake anaweza kumwambia asikanyage tena nyumbani. Mchumba anaweza kuvunja uchumba kwa sababu wazazi wamesikia habari za wake wengi. Mwenye genge anaona wateja wanahamia genge la pili, na hakuna mtu aliyemtukana hata mara moja. Kijana aliyeacha masomo kwa miaka miwili kwenda kutumikia misheni hurudi Mwanza kwa ndugu wanaomwona amepoteza muda, akaanze upya kutafuta ajira. Haya hayaonekani barabarani, hayapigwi picha, na hayatajwi kwenye ripoti za uhuru wa dini.

Sheria husaidia kiasi. Ibara ya 19 ya Katiba ya 1977 inampa kila mtu uhuru wa kuchagua na kubadili dini, na kuifanya kazi ya kutangaza dini kuwa huru na ya hiari ya mtu. Kanuni ya Adhabu inakataza kuvuruga ibada halali, na kifungu cha 129 kinamgusa anayesema maneno kwa kusudi la kuumiza hisia za dini za mwingine. Kinamgusa mhubiri kama kinavyomgusa mpinzani. Anayerushiwa jiwe anaweza kwenda polisi. Lakini hakuna kifungu kinachomlazimisha shangazi kuja kwenye harusi yako.

Wala kwenye msiba wako, na hapo ndipo penye kina kuliko pote. Mkatoliki wa Mwanza ana jumuiya ndogo ndogo. Siku ya msiba jumuiya hujaa uani, huimba, huchanga, hupika, hubeba jeneza. Aliyehamia tawi la Wamormoni lenye familia chache, zilizotawanyika kutoka Buhongwa hadi Igoma, anajiuliza swali ambalo hakuna mmisionari wa miaka 19 anayelifikiria: mimi au mtoto wangu tukifa, nani atakuja? Nimeona watu wakikiri kwamba wanakubali mafundisho yale na bado hawajiungi kwa sababu hiyo pekee. Wengine walijiunga, wakarudi walikotoka baada ya msiba wa kwanza.

Kuna njia ambayo baadhi yao wameipata bila kufundishwa na mtu kutoka Utah. Mitaa mingi ina vyama vya kufa na kuzikana vinavyomchukua kila mkaaji wa mtaa, Mwislamu, Msabato, Mlokole, yeyote anayelipa mchango wake na kufika kwa wenzake. Muumini aliyebaki humo, akaendelea kuchota maji na kukaa matangani kwa majirani, haitwi Freemason kwa muda mrefu, kwa sababu watu wamemwona akilia nao. Aliyejitoa, akidhani kanisa jipya limekuwa ukoo wake wote, hubaki peke yake. Viongozi wa matawi wangelisema hili wazi kwa kila anayejiandaa kubatizwa, kabla ya somo la zaka na kabla ya somo la chai: usijitoe kwenye chama cha mtaa wako, na mchango wa mwezi huu kama hujautoa, kautoe.